Kupima gesi haba za angani kule nchani kwa mwanga wa jua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Eureka si mji. Ni kituo cha hali ya hewa kilichoanzishwa mwaka 1947 katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, nyuzi 80 kutoka ikweta na kama kilomita 1,100 kutoka Ncha ya Kaskazini yenyewe. Duka hakuna, kijiji hakuna, na majirani ni mbwamwitu weupe. Kilomita 15 kutoka kituoni, juu ya mgongo wa kilima chenye mita 610, kuna maabara iitwayo PEARL. Humo, tangu 2006, kuna mashine inayolitazama jua na kutuambia hewa imebeba nini. Vituo vya namna hii vipo vingine, lakini majibu mengi hapa chini nimeyajenga juu ya Eureka, maana kueleza kituo kimoja vizuri ni afadhali kuliko kugusagusa kumi.

Gesi gani hizo, na kwa nini ziitwe haba?

Chukua hewa kavu popote: asilimia 78 ni nitrojeni, 21 ni oksijeni, na karibu yote iliyobaki ni agoni. Baada ya hapo ni makombo. Methani ni kama molekuli 1.9 katika kila milioni. Haidrojeni sayanidi kwa kawaida haifiki hata moja katika bilioni. Ozoni yote iliyo juu ya kichwa chako, ukiishusha chini na kuibana kwa mgandamizo wa hewa ya usawa wa bahari, ingetoa utando wa milimita tatu hivi. Na utando huo ndio unaotukinga na mionzi ya urujuanimno. Chumvi nayo ni kidogo tu kwenye sufuria, lakini jaribu kuisahau.

Je, mashine inavuta hewa ndani kama pampu?

Haivuti, na hapa ndipo wengi hukosea. Hewa inabaki huko huko juu. Kinachoingia kwenye mashine ni mwanga wa jua uliokwisha kupita katikati ya hewa hiyo. Sehemu inayotumika ni infraredi, ule mwanga usioonekana ambao ukifumba macho unausikia usoni kama joto. Kila gesi hufyonza mawimbi yake maalumu na kuyaacha mengine yapite. Ukiutandaza mwanga uliofika chini, unaona kitu kama chanuo lililong'oka meno: pengo hili ni la methani, lile ni la ozoni, yale mawili yaliyokaribiana ni ya mvuke wa maji. Ukubwa wa pengo unakuambia gesi ni kiasi gani.

Kwa hiyo kipimo ni cha safu nzima ya hewa, kuanzia kwenye paa la maabara hadi mwisho wa angahewa. Mtu akikuambia kituo fulani kimepima methani, muulize kwanza: ya pale pale ardhini, au ya safu nzima? Ni namba mbili tofauti, na kuzichanganya kumeleta mabishano mengi ya bure.

Ndani ya sanduku kuna nini?

Mashine ya Eureka ni spektromita, yaani kifaa cha kuutandaza mwanga, aina ya Bruker IFS 125HR, kubwa kuliko kitanda cha watu wawili. Juu ya paa kuna vioo vinavyolifuata jua na kuuleta mwanga wake ndani. Mwanga unakutana na kioo kinachopitisha nusu na kurudisha nusu. Nusu moja inakwenda kwenye kioo kilichotulia, nusu nyingine kwenye kioo kinachotembea, kisha zinakutana tena. Zikikutana hufanya kama mawimbi ya bahari kwenye mlango wa ghuba: mahali pengine yanapandana, pengine yanafutana. Kioo kikitembea, mwanga unaotoka unang'aa na kufifia kwa mpangilio, na mpangilio huo ndio unaorekodiwa. Leza nyekundu ndiyo rula: inahesabu kioo kimesogea kiasi gani.

Kinachorekodiwa si spektra bado, yaani lile chanuo lenye mapengo. Ni fujo, kama ngoma kumi zinazopigwa kwa pamoja. Kompyuta inatumia hesabu ya Fourier kutenganisha kila ngoma na mlio wake. Kadiri tofauti ya njia kati ya miale miwili inavyokuwa ndefu, ndivyo mistari iliyobanana (ndiyo yale mapengo) inavyoachanishwa. Hapa tofauti hiyo inafika kama mita mbili na nusu, ndiyo maana sanduku ni refu.

Halafu kuna suala la kupoza. Kila kitu chenye joto hutoa infraredi, pamoja na kuta za chumba na kitambuzi chenyewe kinachoupokea mwanga, kwa hiyo kitambuzi kikiachwa hivi hivi kitajiona chenyewe. Dawa yake ni nitrojeni ya kimiminika, nyuzi −196 za Selsiasi, ile ile ambayo wataalamu wa uhimilishaji huzunguka nayo vijijini kwenye mtungi wa mbegu za ng'ombe. Inamiminwa kwa faneli, taratibu. Mwanzoni inachemka na kurukaruka, ukungu mweupe unateleza juu ya sanduku na kushuka sakafuni. Ikinyamaza, chombo kimepoa na kazi inaweza kuanza. Nje inaweza kuwa nyuzi −40, na hiyo bado ni moto mno.

Kama mwanga unapita safu nzima, mnajuaje gesi iko juu au chini?

Kwa umbo la mstari. Molekuli iliyo karibu na ardhi inasukumwa na wenzake kila upande kama abiria kwenye daladala ya saa kumi na mbili asubuhi, na mstari wake unapanuka. Ya kilomita 30 juu ina nafasi, mstari wake ni mwembamba kama sindano. Unachokiona chini ni mchanganyiko: sindano iliyosimama juu ya kitako kipana. Kutoka kwenye umbo hilo programu inakadiria mgawanyo wa gesi kwa kimo, kwa kuanzia na makisio ya awali na kuyarekebisha kadiri spektra inavyodai. Misingi ya hesabu hiyo iliandikwa vizuri na Clive Rodgers wa Oxford.

Tahadhari moja. Ozoni inatoa tabaka nne hivi zinazojitegemea kweli. Gesi nyingine nyingi zinatoa moja au mbili tu. Ukiona mchoro wenye tabaka arobaini, aliyeuchora hajakudanganya, lakini tabaka nyingi humo zimeazimwa kutoka kwenye makisio.

Kwa nini kwenda kuteseka kwenye baridi yote hiyo?

Sababu ya kwanza ni ukavu. Mvuke wa maji ndio adui mkubwa wa infraredi, unafunika mistari ya gesi nyingine. Majira ya baridi kule, mvuke wote ulio juu ya kituo ukigeuzwa maji ungekuwa milimita chache tu. Ya pili ni kwamba ukanda huo hauna viwanda wala magari ya kuhesabika, kwa hiyo uchafu unaouona umesafiri. Ya tatu ni ozoni, na hiyo inahitaji swali lake.

Mashine hizi zilichangia nini kwenye suala la ozoni?

Mengi, ingawa si zenyewe zilizolifumbua tundu la ozoni. Mwaka 1985 Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni juu ya kituo cha Halley, Antaktiki, inaporomoka kila Oktoba. Walitumia kifaa cha Dobson, kinachosoma urujuanimno. Kifaa hicho kilijua kwamba ozoni imepungua, mwizi hakumjua. Wengine walisema ni pepo zinazopandisha hewa yenye ozoni kidogo, wengine wakasema ni mabadiliko ya jua lenyewe, na wengine wakainyooshea kidole klorini ya gesi za majokofu na makopo ya kupulizia.

Agosti 1986 msafara ukaenda McMurdo, Antaktiki, ukiongozwa na Susan Solomon. Miongoni mwa vifaa kulikuwa na intaferomita ya infraredi (mashine ya vioo viwili kama ile ya Eureka) ya Barney Farmer na wenzake kutoka Marekani. Walichokitafuta ni maghala ya klorini. Kwa kawaida klorini ya stratosfia, lile tabaka la juu lenye ozoni nyingi, imefungiwa kwenye gesi mbili zisizo na madhara, haidrojeni kloridi na klorini nitrati. Iwapo maghala yamefunguliwa, haidrojeni kloridi lazima iwe pungufu.

Lakini pungufu ukilinganisha na nini? Huenda hewa imesogea tu. Hapo ndipo ujanja mzuri kuliko wote wa fani hii unapoingia, na mimi huurudia kila nipatapo nafasi: pima pia haidrojeni floridi. Gesi hiyo inatoka kwenye kemikali zile zile za majokofu, inakaa stratosfia hiyo hiyo, lakini haishiriki kwenye kemia ya mawingu ya nchani, nitakayoieleza hivi punde. Ni shahidi asiyekuwa na upande. Gesi zote mbili zikipanda au kushuka pamoja, ni upepo. Floridi ikibaki na kloridi ikatoweka, ni kemia. Kule McMurdo haidrojeni kloridi ilikutwa kidogo mno ikilinganishwa na shahidi wake.

Mambo yanakwenda hivi. Wakati wa giza la baridi, stratosfia ya nchani inashuka chini ya nyuzi −78 hivi na mawingu yanafanyika mahali ambapo kwa kawaida hakuna wingu. Juu ya chembe za mawingu hayo maghala mawili yanakutana na kufunguka, klorini inatoka. Inangoja. Jua likirudi linaipasua, na chembe moja ya klorini inazunguka na kuvunja ozoni tena na tena. Ndiyo maana tundu ni la majira ya kuchipua, si la katikati ya baridi.

Mkataba wa Montreal ulitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987. Si kweli, kama wengine wanavyosimulia, kwamba vipimo hivyo ndivyo vilivyouleta. Mazungumzo yalikuwa yameanza mapema na wanasiasa walisaini kabla wanasayansi hawajamaliza kubishana. Kwa maoni yangu hilo ni la kuwasifu.

Na Aktiki je, nako kuna tundu?

Mara chache. Kaskazini kuna milima na mabara yanayousumbua mzunguko wa upepo wa baridi unaoizingira ncha, kwa hiyo stratosfia haipoi kila mwaka kama kusini. Lakini katika majira ya kuchipua ya 2011, na tena 2020, mzunguko ulitulia muda mrefu, baridi ikadumu, na vituo vya Aktiki, Eureka ikiwemo, vikaona ozoni ikipungua kwa namna isiyo ya kawaida.

Klorini inapungua kweli tangu mkataba?

Ndiyo, tangu miaka ya 1990. Ila kati ya 2007 na 2011 haidrojeni kloridi katika stratosfia ya chini ya kaskazini ilipanda, na watu wakaanza kutazamana: nani anavunja mkataba? Vituo vya Ny-Ålesund (Svalbard), Kiruna (Uswidi), Thule (Greenland) na vingine vilipolinganisha spektra zao, matokeo yaliyochapishwa 2014 yakaonyesha ni mzunguko wa hewa uliopunguza kasi kwa miaka kadhaa, ukaleta hewa iliyozeeka, iliyokwisha kukusanya haidrojeni kloridi nyingi. Jambo hilo lisingejulikana kwa vipimo vya mwaka mmoja au viwili.

Jua likizama miezi minne, wanafanya nini?

Eureka haioni jua kuanzia kama wiki ya tatu ya Oktoba hadi kama wiki ya tatu ya Februari. Njia ya kwanza ya kuvuka giza ni mwezi. Majira ya baridi, mwezi mpevu kule hauzami. Unazunguka upeo wa macho siku kadhaa mfululizo. Mwanga wake ni hafifu mara laki kadhaa kuliko wa jua, kwa hiyo unakusanya muda mrefu na kuridhika na spektra zenye makelele. Ny-Ålesund, visiwani Svalbard, wamefanya hivyo kwa miaka mingi.

Njia ya pili ni kuacha kutafuta taa na kuisoma infraredi inayotolewa na hewa yenyewe. Eureka ina kifaa cha namna hiyo kinachofanya kazi usiku na mchana, mwaka mzima. Hakitenganishi mistari vizuri kama kaka yake mkubwa, lakini hakijui giza ni nini.

Jua linaporudi likiwa chini kabisa, vipimo vinaaminika?

Vinaaminika ukijua unachokipima. Hata katikati ya kiangazi jua la Eureka halipandi zaidi ya nyuzi 33 hivi. Jua la utosi hawalijui. Mwishoni mwa Februari linachungulia tu. Mwale unaopita chini namna hiyo unakata hewa mara kumi zaidi ya mwale wa wima, jambo zuri kwa gesi zenye mistari dhaifu.

Ubaya ni huu: jua likiwa nyuzi 5 juu ya upeo, mwale unaoingia kwako uliipita ozoni ya kimo cha kilomita 20 mahali palipo kama kilomita 200 kutoka ulipo. Wewe uko ndani ya ule mzunguko wa upepo wa baridi, na hewa unayoipima huenda iko nje yake. Na kioo cha juu kikielekea kando kidogo tu ya kitovu cha jua, hesabu ya urefu wa njia inaharibika. Ndiyo maana siku hizi kamera ndogo hulitazama jua muda wote na kusahihisha. Theluji ikipeperuka na jalidi ikashika kioo, mtu anavaa na kupanda juu kukifuta. Hakuna programu ya kazi hiyo.

Mawingu je?

Hupimi. Unasubiri.

Ni kweli waliona moshi wa moto wa misitu?

Kweli. Agosti 2017 misitu ya British Columbia na ya kaskazini-magharibi mwa Kanada ilikuwa inaungua. Siku chache baadaye, Eureka na Thule kule Greenland zote mbili ziliona kaboni monoksidi, haidrojeni sayanidi na ethani zikipanda kwa pamoja. Tatu hizo zikipanda bega kwa bega, na hasa sayanidi ikiwemo, umemshika moto kwa alama ya kidole chake. Magari hayatoi sayanidi ya kiasi hicho.

Kilichowashangaza watu ni amonia. Gesi hiyo kwa kawaida haidumu angani zaidi ya saa kadhaa au siku chache, inanata kwenye chembe au inaoshwa na mvua. Kuikuta nyuzi 80 kaskazini, maelfu ya kilomita kutoka kwenye moto, ni kama kukuta barafu ya kijiti haijayeyuka baada ya safari ya basi kutoka Dar hadi Mwanza. Kumbe moshi wenyewe unaweza kuibeba na kuifikisha. Na amonia ni mbolea, kwa hiyo ikidondoka kwenye ardhi maskini ya Aktiki haidondoki bure.

Si setelaiti zingetosha?

Kuna kichekesho cha theluji hapa. Kwa macho ni nyeupe kuliko kitu chochote, lakini kwenye mawimbi ya infraredi ambayo setelaiti hutumia kupima kaboni dioksidi na methani kwa mwanga ulioakisiwa, theluji ni karibu nyeusi. Ongeza jua lililo chini na mawingu yasiyotofautika na ardhi, utaelewa kwa nini ramani nyingi za setelaiti zina pengo huko juu wakati wa baridi.

Setelaiti inayofanya vizuri zaidi kule ni SCISAT ya Kanada, iliyorushwa Agosti 2003, kwa sababu nayo inalitazama jua moja kwa moja linapochomoza na kuzama kwenye ukingo wa dunia. Hata hiyo inahitaji mtu wa chini wa kuikagua, na tangu 2004 kikundi cha watafiti huenda Eureka kila majira ya kuchipua kwa kazi hiyo, wakipanga kuwahi jua la kwanza.

Unajuaje mashine yenyewe haidanganyi?

Kuna kichupa cha kioo chenye haidrojeni bromidi kwa kiasi kinachojulikana. Unapitisha mwanga wa taa ndani yake na kutazama mistari: ikiwa imepinda upande, kioo fulani kimesogea. Kwa gesi za kaboni, vipimo vinalinganishwa na hewa iliyochotwa na ndege, au na mrija mrefu uliozungushwa kama nyoka unaopandishwa na puto, na kuchukua sampuli unaposhuka. Sodankylä, Ufini, ni mabingwa wa mrija huo.

Kosa gumu zaidi haliko Eureka kabisa. Liko kwenye orodha ya kimataifa ya mistari ya gesi, HITRAN, ambayo namba zake hupimwa maabara. Namba ya mstari ikikosewa kwa asilimia tano, vituo vyote duniani vinakosea pamoja, kwa umoja na upendo.

Nani analipia, na data ni ya nani?

Vituo vingi vimo katika mtandao wa NDACC, ulioanza kazi 1991, na data zake ziko wazi kwa yeyote. Wajerumani wako Ny-Ålesund na Kiruna, Wamarekani Thule, Wanyuzilandi Arrival Heights kule Antaktiki. Fedha ni wimbo mwingine. Mwaka 2012 PEARL ilikaribia kufungwa kwa kukosa mfuko, na pengo la mwaka mmoja katika mfululizo wa miaka thelathini halizibiki hata ukirudi na pesa mara mbili.

Huku kwetu kuna mashine kama hizi?

Kubwa hazipo Afrika Mashariki. Ya karibu upande wa baharini iko kisiwa cha Réunion. Lakini kuna ndogo, Bruker EM27/SUN, yenye kilo kama 25, isiyohitaji nitrojeni ya kimiminika. Haioni mistari myembamba ya stratosfia, ila kwa methani na kaboni dioksidi ya safu nzima inafaa sana. Mwaka 2020 moja ilipima kwa miezi kadhaa Jinja, Uganda, kando ya Ziwa Viktoria, eneo lenye vinamasi na methani nyingi ya asili. Adui wa Eureka ni jalidi. Wa Jinja ni mawingu ya mchana.

Ninafundisha sekondari. Naweza kuonyesha infraredi bila fedha?

Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya simu, bonyeza kitufe chochote. Kwa macho huoni kitu. Kwenye kioo cha simu taa ya mbele ya rimoti inawaka zambarau. Hiyo ni infraredi, ingawa ni ya mawimbi mafupi kuliko mengi yanayotumika Eureka. Kamera ya nyuma ya baadhi ya simu ina kichungi kinachoizuia, kwa hiyo ukikosa, geuza ujaribu ile ya kujipigia picha.